Saba Yenye Mkanda

Waliokosa sehemu ya wiki iliyopita, adhabu yenu ni kusoma aya mbili zifuatazo mkiwa mmesimama. Wengine kaeni.

Babu yangu, fundi cherehani, alifariki miezi mitatu iliyopita akiwa na miaka themanini na moja na sindano mbili kwenye kola. Mahakama ikamteua Baba kuwa msimamizi wa mirathi. Baba akala kiapo mbele ya hakimu kwamba mali ya marehemu ni nyumba, kibanda cha kushonea, cherehani mbili, na akaunti moja ya benki yenye fedha za kutosha kununua cherehani ya tatu, kama ni mbovu.

Wiki iliyopita Shangazi alikuwa anapanga nguo za marehemu ili azigawe. Akapapasa pindo la koti jeusi la Babu, akakuta kitu kigumu. Akafumua. Ndani kulikuwa na kitabu cha akiba cha benki nyingine kabisa. Milioni kumi na nane na ushee, pamoja na riba ya miaka kumi na moja, na riba hiyo haijawahi kulipiwa kodi hata senti moja.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa naendelea kuungama.

Kwanza, kuhusu mtuhumiwa, yaani mimi. Nina miaka kumi na saba. Nimo darasa la mwisho katika shule ya bweni, na niko nyumbani kwa wiki mbili kwa kosa la kubandika tangazo, kwa mwandiko wa mkuu wa shule, kwamba jaribio la hesabu limeahirishwa kwa heshima ya ndoa ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa hana habari kwamba anaoa. Barua niliyorudishwa nayo ina maneno matatu yaliyopigiwa mstari: onyo la mwisho.

Shuleni wananiita Muhuri. Nyumbani wanadhani nimepewa jina hilo kwa sababu ya msimamo wangu thabiti, nami sijawahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikijiandikia barua za ruhusa kwa mwandiko wa Baba. “Naomba mwanangu aruhusiwe kwenda kwa daktari wa meno.” Kwa hesabu ya barua hizo, nimeng’olewa magego mengi kuliko anayopewa binadamu mmoja.

Baba ni karani wa ghala la vipuri. Mwandiko wake umesimama wima kama wanafunzi siku ya mgeni rasmi. Nimeuiga wote, isipokuwa kitu kimoja. Baba akiandika saba huipiga kistari katikati ili isifanane na moja. Husema saba isiyo na mkanda itavua suruali mbele ya mkaguzi. Mimi huo mkanda husahau kila mara. Walimu wangu, nashukuru, si wakaguzi.

Baba ana sheria nyingine. Kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja, kwa rula, ili atakayekuja kukagua asome ulichokosea. Nyumbani kwetu hata orodha ya sabuni imekatwa kwa rula.

Turudi kwenye kitabu cha akiba.

Shangazi alipokitupa mezani, Baba alikuwa anakunywa chai.

“Kaka, hiki nini?”

Baba alikitazama bila kukigusa.

“Nani mwingine amekiona?” akauliza.

Msomaji, pima mwenyewe. Mtu wa kawaida akisikia marehemu ameacha fedha, huuliza ngapi. Hata mimi, niliyemlilia Babu kwa dhati, niliuliza ngapi. Mara mbili.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa bweni lililopotelewa na redio. Shangazi akahamia chumba cha wageni, eti awe karibu na kumbukumbu za baba yake, kitabu amekitia ndani ya foronya. Baba akafunga kabati la mafaili na ufunguo akauvaa shingoni. Mtu akikohoa, mwingine anauliza kwa nini amekohoa.

Nami nikafungua daftari la uchunguzi. Mshukiwa wa kwanza: Shangazi. Kwa nini alipapasa koti na hakuanza na suruali? Mshukiwa wa pili: Baba. Hilo nikalikata palepale. Mtu anayekata orodha ya sabuni kwa rula hawezi kuficha milioni kumi na nane. Mshukiwa wa tatu nikaacha nafasi wazi.

Jumanne asubuhi Shangazi akaja mezani amevaa viatu vya kutokea.

“Tumeitwa ofisi ya kodi. Saa nne.”

Baba akaweka kikombe chini. “Wamejuaje?”

“Nilikwenda kuuliza tu.”

“Kuuliza nini?”

“Kwamba mtu akikuta kitu, afanyeje.”

“Ukawaambia na kitu chenyewe?”

“Kaka, wangenijibu vipi bila kujua swali?”

“Ungeniambia mimi kwanza. Mimi ndiye msimamizi.”

“Ndiyo maana sikukuambia.”

Nilitafuna mkate polepole ili nisikose neno. Baba akanigeukia.

“Na wewe, maliza hicho kipande uvae shati lenye vifungo vyote. Utabeba mafaili.”

“Yote, Baba?”

“Yaliyomo kabatini. Yote.”

Akavua ufunguo shingoni, akanipa. Niliandika moyoni: Mshukiwa wa pili hana hatia. Mwizi hakupi ufunguo.

Ofisi ya kodi iko ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa na karatasi iliyoandikwa “mbovu,” na karatasi yenyewe ilikuwa imeanza kuchakaa. Tulipanda ngazi kwa mpangilio wa uaminifu: Shangazi mbele na pochi kifuani, Baba katikati, mimi nyuma na sanduku la mafaili, nikitweta kwa niaba ya ukoo mzima.

Afisa tuliyemkuta alikuwa mwanamke mfupi mwenye penseli sikioni na sauti ya upole. Naijua sauti ile. Matroni wetu huitumia kabla ya kukagua masanduku.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Weka mzigo huo chini kabla haujakuvunja. Karibuni. Poleni na msiba.”

Feni ilizunguka kwa kusitasita. Afisa akatandaza karatasi tatu mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

“Nieleze mapema ili tusisumbuane,” akasema. “Marehemu akificha akiba yake, mirathi italipa kodi na faini, mambo yataisha. Watu hufa na siri zao, tumezoea. Lakini msimamizi akiwa alijua, halafu akaapa mahakamani kwamba hajui, hilo si la meza yangu tena. Hilo huenda kwa mwendesha mashtaka, na huko kuna milango yenye nondo. Tumeelewana?”

“Tumeelewana,” akasema Shangazi, haraka kupita kiasi.

“Mzee, ulijua kuhusu kitabu hiki?”

“Sikujua,” akasema Baba.

“Vizuri. Kila mwaka marehemu alileta fomu yake ya kodi. Hizi ni tatu za nyuma. Ya mwaka jana bado iko masjala, tarishi ameifuata. Kwenye kila fomu kuna swali: una akiba nyingine popote? Na kila fomu imejibiwa hapana. Sahihi ni ya marehemu, mkono unatetemeka, inaonekana. Lakini majibu hakuandika yeye. Nani aliandika?”

Shangazi akainama juu ya meza. Niliona shingo yake ikikakamaa.

“Huu ni mwandiko wa kaka yangu.”

“Si wangu,” akasema Baba.

“Kaka! Nimeusoma mwandiko huu tangu ulipokuwa unaninakilia mashairi ya shule!”

“Unafanana na wangu. Si wangu.”

“Basi ni wa nani? Wa malaika?”

Baba akaziangalia zile fomu kwa makini, moja moja, paji la uso limekunjamana. Kisha akainua macho, akatazama mlango. Nilidhani anatafuta hewa.

Nami nilikuwa bado nimelikumbatia sanduku la mafaili, kwa sababu nilikuwa nimempata mshukiwa wa tatu. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu Babu aliponikuta nyuma ya kibanda chake nikifanya mazoezi ya mwandiko wa Baba kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Alisoma barua nzima ya daktari wa meno, pini zikiwa mdomoni. Nikangojea kofi. Badala yake akatema pini moja moja kwenye kiganja.

“Kipaji hiki unakimalizia kwenye meno?” akaniuliza. “Njoo hapa. Macho yangu hayasomi tena haya madude ya ofisi yenye herufi ndogo. Utasoma, nitajibu, utaandika. Na uandike hivihivi kama baba yako. Watu wa ofisi huheshimu mwandiko wa karani.”

“Babu, hutamwambia?”

“Nimwambie nini? Mimi sioni.”

Miaka mitatu mfululizo, wakati wa likizo, nikawa karani wake. Nasoma swali, anajibu huku anakanyaga cherehani. Tukifika kwenye akiba nyingine, cherehani ilikuwa inasimama kidogo. “Weka hapana hapo, twende mbele,” alikuwa anasema, na cherehani inaendelea. Mimi niliweka hapana. Nilikuwa naharakisha niende kucheza mpira.

Sasa fikiria hesabu niliyoipiga pale, mimi niliyeahirisha hesabu za shule nzima. Nikinyamaza, Baba anaonekana aliandika hapana miaka mitatu, kisha akaapa hajui. Nondo. Nikisema, barua za meno zinafufuka zote, na wiki tisa kabla ya mtihani wa mwisho ninakuwa raia wa kawaida asiye na shule.

Nikapiga moyo konde.

“Mama, hizo fomu niliandika mimi.”

Hata feni ilisita.

“Wewe mtoto,” akasema Shangazi, “hapa si mahali pa michezo yako.”

“Sichezi, Shangazi. Nina uwezo wa kuandika kama Baba. Nimekuwa nao kwa muda.”

Afisa akachomoa penseli sikioni, akanisukumia pamoja na karatasi. “Andika.”

“Niandike nini?”

“Chochote unachokijua kwa moyo.”

Mkono ukaenda wenyewe. “Naomba mwanangu aruhusiwe kwenda kwa daktari wa meno, kwani gego lake la chini upande wa kushoto limemsumbua sana.”

Afisa akaweka karatasi yangu kando ya zile fomu. Shangazi akaisoma, midomo ikitembea. Nikaona habari ikiingia kichwani mwake hatua kwa hatua.

“Mungu wangu. Meno!” akapiga kelele. “Nilikuombea meno yako! Nilikutumia fedha za dawa ya fizi!”

“Zilifika, Shangazi. Asante sana.”

Afisa alijifanya anapenga kamasi. Baba hakucheka wala hakukasirika, na hilo lilinishangaza. Nilitarajia ngurumo. Alikuwa bado anautazama mlango.

“Inatosha,” akasema kwa sauti ndogo. “Kaa chini.”

“Lakini Baba, bado sijamaliza kukutetea.”

“Nimesema inatosha. Kaa chini, Muhuri.”

Hajawahi kuniita Muhuri. Nilidhani ni aibu ya mzazi. Na mimi, ndugu zangu, nikipata hadhira hushindwa kukaa. Huo ndio ugonjwa wangu wa kweli, meno yalikuwa kisingizio.

“Mama, kuna ushahidi mwingine,” nikamwambia afisa. “Ili usiwe na shaka hata kidogo. Tazama saba.”

“Saba zipi?”

“Zote. Namba ya mlipakodi ya Babu ina saba mbili. Tazama kwenye fomu hizi tatu. Tupu, sivyo? Hazina kitu tumboni. Sasa fungua faili lolote la Baba humu sandukuni. Baba huifunga saba mkanda. Kila saba, tangu alipoanza kazi. Mimi husahau. Kwa hiyo saba isiyo na mkanda ni yangu, na yenye mkanda ni ya Baba. Hakuna mtu mwingine nyumbani kwetu anayefunga saba mkanda.”

Afisa akafungua faili la juu. Risiti za maji, malipo ya umeme, orodha ya mazishi. Saba zote zimevaa. Akarudi kwenye fomu. Saba zote uchi.

“Kijana,” akasema taratibu, “ungefaa kufanya kazi hapa.”

Nilikaa kama mshindi. Shangazi aliweka mkono kwenye bega la Baba.

“Kaka, nisamehe,” akasema. “Nilidhani... Shetani tu.”

Baba alizidi kuutazama mlango.

Mlango ukafunguliwa. Tarishi akaingia na bahasha ya kaki, akaiweka mezani, akatoka bila kutusalimu. Afisa akatoa fomu ya mwaka jana.

Mwaka jana, msomaji, sikuwa nyumbani. Darasa letu lilizuiwa likizo nzima kwa mtihani wa majaribio. Nilijua fomu hiyo ipo, ila sikuwa nimejiuliza Babu aliiandikisha kwa nani. Nilijiuliza pale, na nilikuwa nimechelewa.

Afisa aliisoma fomu kuanzia juu, penseli ikishuka mstari kwa mstari. Ikasimama katikati ya ukurasa.

“Dada,” akamwambia Shangazi, “nisomee namba ya akaunti iliyoko kwenye kitabu cha koti.”

Shangazi akakitoa pochini. “Nne, sifuri, moja, saba. Mbili, saba. Sifuri, tano, saba.”

“Rudia tatu za mwisho.”

“Sifuri, tano, saba. Kwani kuna nini?”

Afisa akaigeuza fomu ili sote tuione.

Kwenye kisanduku cha akiba nyingine kulikuwa na neno hapana. Lakini neno hapana lilikuwa limeandikwa pembeni. Katikati palikuwa pameandikwa namba kwanza, yote, tarakimu tisa, kisha ikakatwa. Haikuchorwachorwa wala haikupakwa wino. Ilikatwa kwa mstari mmoja, kwa rula, na chini ya mstari namba ilisomeka vizuri kabisa.

Saba zilikuwa tatu. Zote zimefungwa mkanda.

Shangazi aliondoa mkono begani kwa Baba. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuondoa kama mtu aliyegusa pasi.

“Labda,” akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, “labda fomu zimechanganyika huko masjala. Hutokea, si hutokea?”

Afisa akatikisa kichwa.

Baba akanitazama. Naijua ile sura. Nimeiona kwa wenzangu wengi waliokutwa nje ya uzio na mlinzi, nimeiona kwenye kioo pia. Sikujua kwamba watu wazima nao wanayo.

“Kijana,” akasema afisa, bado kwa upole uleule wa matroni, “tatu ni zako, nimekubali. Na hii je?”

“Yangu,” nikasema.

Neno lilitoka kabla sijalipa ruhusa. Shangazi akafumba macho, maana anajua nilikuwa wapi likizo ile. Aliniletea sabuni na soksi.

“Yako,” akarudia afisa.

“Yangu pia, mama. Zote nne.”

“Sawa.” Akageuza barua yangu ya gego, upande wa nyuma ukiwa mweupe, akanisogezea. Safari hii alinipa kalamu ya wino. “Basi niandikie hiyo namba ya akaunti. Kama mkono ni mmoja, tutaona ni mmoja.”

Nikashika kalamu. Ndipo nikaona jinsi nilivyojijengea kizimba na kukifunga kwa ndani. Nikiandika saba zenye mkanda, basi ule ushahidi wangu wa mwanzo ni uongo, na fomu tatu zinarudi kwa Baba. Nikiandika saba zangu tupu, zile tatu zinabaki kwangu, na hii ya nne, yenye namba ambayo Baba aliapa kwamba hajawahi kuiona, inabaki kwake peke yake.

“Mwanangu,” akasema Baba, “weka kalamu chini.”

“Mwache aandike,” akasema afisa.

Nne. Sifuri. Moja.

Kisha nikaandika saba, mstari wa juu na mguu, nikaacha ncha ya kalamu imesimama hewani, kando kidogo ya mguu wake, mahali ambapo mkanda huanzia.

Afisa alikuwa anatazama tumbo la ile saba. Baba alikuwa ananitazama mimi.